Siku mposaji alipoteleza kwenye machicha ya nazi, Mlingotini

Wakuu, heshima zenu.

Kuna mdau humu aliuliza kama mchezo wa kuteleza kwenye theluji ni hatari. Wengi mmemjibu kwa mzaha.

Mimi theluji sijawahi kuiona. Lakini mchezo wenyewe nimeushuhudia kwa macho yangu, Mlingotini, Bagamoyo, miaka ya sabini. Nitaeleza nilichokiona tu. Nisichokiona nitakiacha.

Binamu yangu Sefu alirudi kutoka masomoni nchi ya baridi. Wenzake wa chuo walimpa zawadi ya kuagana: mbao mbili nyembamba, ndefu kuliko mtu, ncha zimepinda kwenda juu, na katikati vyuma vya kufungia miguu.

Kwa asiyejua: mtu huzivaa mbao hizo, akateremka mlima wenye theluji akiwa wima.

Sasa, Sefu alikuwa anamposa Zaituni, binti wa Mzee Hamadi, mfanyabiashara wa mbata, zile nazi kavu. Tulipokwenda kujitambulisha, mzee akamuuliza watu wa huko hufanya nini siku za mapumziko. Sefu akaeleza.

Mzee akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Theluji nimeisikia. Lakini mtu mzima, mwenye akili zake, apande mlima ili apate kuteremka?"

"Ndiyo, mzee. Na mchezo huo una sheria zake."

"Sheria za kuteremka!" Akatugeukia sisi tuliomsindikiza. "Binti yangu simwozi mwongo. Aje ateremke nimwone, au asirudi hapa."

Tukatoka pale vichwa chini. Theluji tungeipata wapi?

Jibu lilitoka jikoni. Wiki ile kulikuwa na maulidi kijijini, na akina mama walikuwa wamekuna nazi za wali wa kulisha kijiji kizima. Mnajua baada ya kukamua tui hubaki machicha: meupe, laini, yenye mafuta. Baadaye nimejisomea habari za msuguano na nimeelewa kwa nini yanateleza. Siku ile hatukuwa na nadharia yoyote. Sefu alikanyaga yaliyomwagika, akaanguka chali, akabaki pale pale akiyatazama kwa mapenzi.

Mkuu wa wapishi, Bi Tatu, alikubali kwa shingo upande.

"Chukueni. Lakini kuku wangu wakilala njaa, nitawadonoa nyinyi mimi mwenyewe."

Tukayamwaga kwenye mteremko ulio nyuma ya uwanja wa kuanikia mbata. Ukawa mweupe toka juu hadi chini. Watu walitoka majumbani kuja kuutazama tu.

Hapa ndipo nilipojifunza jambo. Nilidhani Sefu angepanda na kushuka. Wapi! Kwanza aliukagua mteremko wote kwa miguu, akaokota mawe na vifuu. Akafunga kamba pande zote mbili ili watu wasikatize. Akavaa kofia aliyoishindilia sufi. Kisha akaanza kujinyoosha viungo, na mama mmoja akauliza kwa sauti nani aende kuleta ubani, maana huyu amepandwa.

"Bibi harusi gani huyu hatoki ndani!" wakapiga kelele vijana.

Alipokuwa tayari, wakaja kuku. Kosa letu wenyewe: ukimwaga machicha Mlingotini, umepiga kengele ya chakula. Sefu akakunja mikono.

"Siteremki. Aliye chini ndiye mwenye njia. Wa juu anamwona, yeye hamwoni wa juu."

"Hata akiwa tetea?"

"Hata akiwa kifaranga."

Tukafukuza kuku mpaka jasho likatutoka.

Hatimaye akashuka. Wakuu, aliteleza kweli! Wima, magoti yamekunjwa, akakata kushoto, akakata kulia, akasimama chini taratibu bila kumgusa mtu. Vigelegele vilisikika mbali.

Mzee Hamadi akaitikia kwa kichwa. "Si mwongo."

Tukashusha pumzi. Mapema mno.

Mzee akaanza kupandisha kanzu na kuikaza kiunoni. "Haya, nifunge na mimi."

Watu wote wakamgeukia Sefu. Kwetu pwani mposaji hamkatalii baba mkwe hata maji ya kunawa, sembuse mbele za watu.

"Mzee, nisamehe. Sikufungi."

"Unaninyima?"

"Nakunyima. Machicha yameshachanganyika na udongo, hata mimi sirudii. Na wewe hujafundishwa kusimama."

"Mimi nimeteleza nimekalia karara la mnazi kabla baba yako hajatahiriwa!"

Sefu akazikumbatia mbao kifuani. Mzee akachukua bakora yake akaondoka.

"Si ungemfunga tu, mwanangu?" Bi Tatu akalia. "Akianguka si ungemwokota?"

"Ningemwokota vipande, mama."

Usiku ule Sefu hakula. Mimi nilihesabu posa imekufa.

Asubuhi mzee akatuita, mimi na wazee wetu. Alisema maneno ninayoyakumbuka mpaka leo:

"Wamekuja waposaji wengi hapa. Wote wananiitikia ndiyo. Mmoja aliniambia mbata zangu zinanukia asumini. Huyu wenu amenikatalia mchana kweupe, na binti yangu anamtazama, kwa kuogopa nisivunjike. Kwake mwanangu atakuwa salama."

Kisha akaongeza:

"Ila zile mbao ziingie kwenye mahari."

Zikaingia. Sefu alizikabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote, mbele ya mashahidi.

Vyuma vya kufungia miguu alikuwa ameshavifungua kwa bisibisi, akavificha kwa mama yake.

Funzo langu, wakuu: mchezo si hatari kama mwenye kuucheza anajua kusubiri, kupisha na kukataa. Kukataa ndiko kugumu zaidi, hasa ukiombwa na mtu unayemhitaji.

Waliowahi kuteleza, iwe kwenye theluji, karara au tope la masika, njooni mseme mlivunja nini. Na mwenye baba mkwe king'ang'anizi, atuambie yeye alificha nini.