Sahani za Clovis

Mwaka ulikuwa elfu mbili na saba. Hapana, nane, maana mwaka wa saba Anicet alikuwa bado anasafisha shule huko Farsta, Uswidi, na simu ya kisa hiki ilimkuta Kista, akipiga deki kwenye ofisi za watu wa kompyuta. Basi ilikuwa nane.

Anicet huyu ni mtu wa Uvira, mfupi, mpole, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Kila Jumamosi alikwenda gerezani kumwona Clovis, kijana wa marehemu kaka yake, aliyefungwa kwa kumpiga mtu asiyemjua kwenye treni. Clovis alidai mtu yule ametumwa kumfuata. Alisema mengi ya namna hiyo, na kila Jumamosi shati lilizidi kumpwaya.

Aliyepiga simu ni binti yake Aurore, ambaye, kama watoto wengi wa huko, humjibu baba yake kwa Kiswidi. Gereza limepiga nyumbani kabla hajatoka kwenda shule, alisema. Clovis amehamishiwa hospitali, na hospitali yenyewe akaitaja kwa neno refu la Kiswidi ambalo baba yake hakulishika.

Anicet akaketi kwenye ngazi. Alikokulia, mfungwa hapelekwi hospitali ili apone. Hupelekwa pale bwana jela anapoona heri akafie mikononi mwa wengine. Akampigia mkewe Denise: "Mama Aurore, mtoto anatutoka." Denise akampigia mama mmoja wa kwaya, yule wa kwaya akampigia mwenzake, na habari ilipofika Farsta, Clovis alikuwa amekwisha kufa.

Alasiri nyumba yao ya Hässelby ikajaa watu. Viti vikaazimwa kwa majirani, sufuria za sombe, yaani kisamvu, zikapanda jikoni, kina mama wakaanza zile nyimbo za taratibu, za kuaga. Aurore akatoka shule, akakuta viatu vimefurika mpaka kwenye ngazi.

"Nani amekufa?" akauliza, safari hii kwa Kiswahili.

"Kaka yako, mwanangu. Kaa chini," akasema Anicet.

"Clovis? Baba, nilikuambia hospitali ya akili. Ile yenye ulinzi. Wamempatia daktari na kitanda, atibiwe."

Wimbo ukakatika katikati. Mzee Ephraim, Mtanzania, aliyekuwa amesimama kutoa wasifu, akakohoa kidogo. "Basi marehemu hajambo," akasema, akaketi.

"Sombe imeiva," akasema Denise. "Mlikuja kulia, sasa mtakula. Na wewe Baba Aurore, siku nyingine uliza kwanza."

Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Anicet alicheka nao, ila moyoni aliliona lile shati. Mtoto alikuwa hajafa, lakini alikuwa anaisha.

Jumamosi akaenda, na bakuli la sombe kwapani. Hospitali ile ina milango miwili miwili: wa mbele haufunguki mpaka wa nyuma ujifunge. Akaacha simu, akaacha mkanda, akabaki mkono mmoja umeshika suruali na mwingine bakuli. Muuguzi aliyempokea alikuwa Mkenya, jina lake Magdalene.

"Pole, mzee. Chakula cha nje hakiingii."

"Hata sombe?"

"Hata ingekuwa githeri ya mamangu."

Njiani akamweleza hali. Clovis anakula ndizi, machungwa, na mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, basi. Kilichopikwa hakigusi, dawa hataki hata kuiona. Akiendelea hivi, itabidi ashikwe alishwe kwa mpira wa puani. "Na tukimshika kwa nguvu," akasema Magdalene, "hatatuamini tena."

Clovis alikuwa mezani, mbele yake sahani ya viazi na samaki imepoa.

"Baba mdogo, umekonda," akasema.

"Mimi? Jitazame wewe, umebaki kijiti cha kiberiti. Kula."

"Hawa watu hawaonji."

"Nini?"

"Wanaleta, wanaweka, wanaondoka. Hakuna anayeonja. Mama yangu angekubali?"

Anicet akakumbuka. Kwao mwenye kutoa huonja kwanza, mgeni akimwona, ndipo chakula kipite. Ni adabu tu, kama kubisha hodi, naye mwenyewe alikuwa ameisahau kwa miaka yote hii ya kula vya dukani. Lakini kichwa cha Clovis kilipougua, adabu ile iligeuka ukuta. Ndizi na yai vilikuwa vimefungwa na Mungu mwenyewe, hivyo tu alivikubali.

Akachukua uma, akala kiazi, akala na samaki. "Hakina chumvi," akasema. "Na hakina kitu kingine." Akaisukuma sahani. Clovis akalitazama koo la baba yake mdogo, akangoja, kisha akaanza kula, polepole, mpaka ngozi ya samaki.

"Na kesho nani ataonja?" akauliza Anicet.

"Kesho niko zamu," akasema Magdalene mlangoni. "Ila siku ya pudini ya damu mtanisamehe."

"Hiyo hata mimi sili," akasema Clovis, na Anicet akamwona akitabasamu, jambo ambalo hakuwa ameliona tangu hukumu.

Magdalene akaonja, na wenzake wa zamu nyingine wakafuata, Waswidi kwa Wahabeshi. Dawa haionjwi, lakini mkono ulioshika kijiko ukiuzoea, hata kidonge utakipokea. Clovis alikipokea majira ya majani kuchipua. Siku hizi Clovis ana chumba chake Farsta, anatengeneza baiskeli. Siku nyingine husikia mambo, naye humpigia baba yake mdogo, wakazungumza habari za mpira mpaka mambo yapite.

Anicet hana kinyongo na mtu. Lakini alimwuliza daktari, akamwuliza askari wa gereza aliyekutana naye kwenye basi, hata mchungaji alimwuliza, kwa upole wake ule ule: miezi yote ile ya gerezani sahani zilipokuwa zikirudi zimejaa, aliyekuwa akizipokea alidhani mtoto ameshiba nini?