Saa ya Ukutani na Herufi A

Nakiri upumbavu wangu mapema: nilitundika cheti cha utaalamu wa databesi ukutani kabla sijatengeneza databesi hata moja. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo Migori, mbali na kitanda changu, nikaona nimeshateseka vya kutosha kuitwa mtaalamu.

Nyumbani Homa Bay, chama cha akina mama wauza samaki kikaniamini. Niwaandikishe wanachama kwenye kompyuta siku ya mkutano wao, kisha nitunukiwe saa ya ukutani mbele ya watu. Saa hiyo niliitamani kuliko chakula. Nikafuata kitabu cha mafunzo neno kwa neno: kila herufi, A hadi Z, nikaitengea nafasi ishirini.

Siku ikafika, wakapanga foleni. Mwenyekiti alikuwa ameikumbatia saa yangu, imefungwa kwa karatasi ya maua. Jina la kwanza, A. La pili, A. La kumi, bado A. Wa ishirini na moja alikuwa jirani yangu wa ua mmoja, na kompyuta ikamkataa: A imejaa.

"Mama, hebu nikuweke kwenye X," nikambembeleza. "Huko kuna nafasi tele."

Mwenyekiti akaitia saa chini ya meza. Jirani akaitazama foleni iliyobaki nyuma yake, kisha akanigeukia.

"Nyathina, mwanangu, umezaliwa hapa hapa, na sisi wanawake wa Kijaluo karibu wote tunaanza na A, hata dada zako. Sasa huko Migori walikufundisha nini?"