Moran wa Jikoni

Kwa miaka mingi nilikana kwamba mwanamume aliye kwenye ile picha maarufu ya moran, shujaa kijana wa Kimasai, ni baba yangu. Niliwahi hata kuiandikia makala ya chuo kikuu, nikayasifu macho yake "yanayotazama uhuru wa mbuga."

Jana fundi alipaka rangi mlango wa ofisi yangu, na harufu ya tapentaini ikanirudisha kwenye shamba la mzungu, nje kidogo ya Nakuru. Baba alikuwa mpishi pale, mtu wa magharibi mwa Kenya ambaye hakuwahi kuchunga hata mbuzi. Memsahibu, mke wa mzungu huyo, alikuwa mchoraji. Siku moja alimvua baba aproni, akamfunga pazia jekundu la sebuleni begani, akamshikisha mpini wa ufagio. Ilikuwa Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, na Mwafrika aliyeshika mkuki wa kweli angefungwa. Mkuki uliongezwa kwa brashi.

Nilichungulia kutoka mlango wa jikoni.

"Memsab, mkate naungua," baba alisema.

"Wacha ungua! Hapana sogea. Tazama mbali."

Akatazama mbali, upande wa jiko. Mama, aliyekuwa akifua uani, alicheka mpaka akakaa chini. "Njooni muone! Baba watoto amegeuka Mmasai!" Baba hakucheka, nami nikaona aibu kuliko yeye.

Leo asubuhi nilipigiwa simu na mtayarishaji wa maonyesho katika jumba la makumbusho. "Profesa, kibandiko cha picha tuandike 'Moran asiyejulikana,' sivyo?"

"Andika 'Mpishi,'" nilisema.

Nikamtajia majina ya baba, yote matatu, polepole, ili asikosee.