Dawa ya Tumbo ya Baba

Bosi wangu wa Riyadh hakuwa na tumbo bovu. Nilijua, maana mimi ndiye niliyempikia, na sinia lake la wali wa kabsa lilirudi jikoni halina hata punje. Kwa hiyo alipoleta chupa ya plastiki isiyo na karatasi, akaificha nyuma ya mfuko wa mchele na kusema, "Hii dawa ya tumbo langu, mtu asiguse," nilimwangalia mara mbili. Dawa gani inafichwa?

Nyumba ilikuwa mtaa wa Naseem. Baba, ndivyo nilivyomwita bosi, alifanya kazi bandarini Jeddah na kurudi wikendi. Wengine walikuwa madam, mama yake baba ambaye sote tulimwita hajja, na mimi, Mkenya wa Kakamega, niliyeletwa na ajenti kama wasichana wengi miaka ile. Pasipoti yangu alikaa nayo kafili, mdhamini wangu, yaani huyo huyo baba.

Alasiri moja nilimwona akimimina kidogo kwenye glasi, akaongeza maji baridi. Ikageuka nyeupe pepepe hapo hapo. Ngai! Nilipoosha ile glasi nikainusa: yansuni, zile mbegu tamu wanazomchemshia mtoto mwenye gesi. Lakini chini ya yansuni kulikuwa na harufu nyingine niliyoijua tangu utotoni. Shangazi yangu alikuwa mpishi wa chang'aa, pombe ya magendo, na kipimo chake kilikuwa kijiko na kiberiti. Madam alipoenda kulala mchana, nikachukua tone la ile dawa, nikalipima vivyo hivyo. Likawaka moto wa buluu.

Sasa ningemwambia nani? Wangeuliza, housigeli Mkristo anajuaje harufu ya pombe? Wangesema nimeipika mimi. Jela ya huko sikutaka hata kuiota, kwa hiyo nikafunga mdomo wangu.

Balaa lilikuja chupa ilipoanza kupungua baba akiwa Jeddah. Akaichorea mstari kwa kalamu, akidhani simwoni. Aliporudi wikendi iliyofuata, dawa ilikuwa chini ya mstari. Akaniita jikoni, akafunga mlango.

"Pumua," akasema.

Nikampumulia. Vitunguu tupu.

"Nikikushika, ni polisi. Halas."

Aki nilichemka! Mwenye pombe ni yeye, wa kunuswa mdomo ni mimi! Lakini mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, na mimi sikutaka kunasa. Lazima nimjue mnywaji kabla baba hajarudi tena. Nikamshuku madam, kwa sababu alilala sana mchana na kuamka na macho mekundu. Kila kikombe alichoacha nikakinusa. Kahawa tu, na iliki.

Siku moja nimetoka kuanua nguo, nikamkuta hajja jikoni. Ameketi vizuri, kikombe mkono wa kulia, chupa ya baba iko mezani. Akasema bismillahi, akanywa mafunda matatu, akipumzika kila baada ya funda, vile Waislamu walivyofundishwa kunywa maji.

"Njoo, binti yangu," akaniambia. "Hii yansuni ya mwanangu ina baraka. Magoti hayaniumi tena. Nalala kama mtoto."

Mama huyu alifunga kila Jumatatu na Alhamisi! Kicheko kilinijia, na hofu ikanijia juu yake.

Baba aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye mchele. Akainua chupa, akaitazama, akatoa simu.

"Nilikuonya."

"Baba, ngoja. Anayekunywa ni mama yako."

Akacheka. Nikamweleza bismillahi, mafunda matatu, magoti. Kicheko kikakatika. Akaketi kwenye kistuli changu cha kumenyea viazi.

"Anajua ni nini?"

"Hajui. Anasema ni yansuni."

Akaanza kuongea bila kuulizwa. Iliitwa uzo, pombe kali ya Wagiriki, inayopikwa kwa yansuni. Alipewa na Mgiriki mmoja, fundi wa meli bandarini. Kwao, akasema, wanainywa polepole, na samaki na zeituni, mchana kweupe, wazee na jamaa zao wote mezani, wala hakuna anayemficha mwenzake. Nikajisemea, kumbe ni chang'aa yenye heshima. Akasimama, akaimwaga yote kwenye sinki na kufungulia maji kwa nguvu.

Nilishukuru Mungu. Nilidhani nimepona.

Jioni, sote tukiwa sebuleni, hajja akaulizia dawa yake. Baba hakuniangalia.

"Huyu msichana ameimwaga."

Madam akanigeukia. Hajja akanigeukia. Nilikuwa nimeshika trei ya chai, na maneno yote nilikuwa nayo mdomoni. Lakini pasipoti yangu ilikuwa kwenye droo ya nani?

"Ndiyo, hajja," nikasema. "Nisamehe."

Mama yule aliyekuwa akiniita binti yake alijichukulia kikombe chake kwenye trei.

"Mungu akusamehe," akasema. Kisha akamwambia madam, "Kikombe changu asikiguse tena."