Oili Iliyomwagika Wakati wa Maombi

Mimi ni mtu wa Zombe, lakini ufundi nimeufanyia mji wa Salama, kando ya barabara kuu, kwenye gereji yenye shimo moja na mabati yanayopiga kelele upepo ukija. Magari yaliyopita juu ya shimo lile siwezi kuyahesabu. Moja tu ndilo hunikosesha raha hadi leo.

Lilikuwa la mwalimu mstaafu kutoka Matiliku. Mumewe, mzee wa kanisa, alikuwa mgonjwa wa figo, na mara mbili kwa wiki mama huyo alimwendesha hadi hospitali ya mji wa Wote kusafishwa damu. Gari lilikuwa la otomatiki, na lilikuwa limeanza kushtuka likibadilisha gia. Mafundi wa kwao walifungua boneti, wakatafuta kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, wakakikosa, wakafunga.

"Wameniambia oili ya hii gari ni ya maisha," aliniambia. "Sasa ni maisha ya nani, fundi?"

Nilicheka. Nilijiona mjuzi, maana gari lisilo na kijiti nilijua kulipima. Unaliweka mahali sawasawa, unaliwasha, unaliacha lingurume. Unaingia chini, unagusa sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, kwa kiganja mpaka joto lake liwe la chai unayoweza kuinywa. Hapo unafungua nati ndogo ya kupimia. Oili ikidondoka tone kwa tone, imetosha. Isipotoka kabisa, unaongeza. Lakini injini isizimwe hata kidogo, kwa sababu ikizimwa, oili yote iliyokuwa ikizunguka juu hurudi chini na kumwagika kwa hiyo nati, hata kama ilikuwa imepungua.

Hayo nilikuwa nayajua vizuri sana. Hapo ndipo ubaya wangu ulipo.

Nilikuwa shimoni, nati nimeifungua, matone yanaanguka vizuri, niliposikia yule mzee mgonjwa akisema kutoka kiti cha nyuma, mkewe akiwa kwenye usukani, "Zima kwanza tuombee safari. Tutachelewa Wote."

Kwetu gari halisafiri bila maombi, na injini haingurumi mtu akiomba. Ni kama kuingia kanisani na kofia. Mwalimu akazima. Ningepiga kelele kutoka shimoni. Ningerudisha nati. Badala yake nilifanya nilivyolelewa: nikafumba macho na kutuliza mikono. Mzee aliomba maombi marefu, kwa sauti nzito iliyozoea mimbari. Aliombea barabara, akaombea daktari, akaomba Mungu abariki mikono ya huyu fundi. Oili ya moto ilikuwa ikinitiririka kwenye kifundo cha mkono.

Aliposema amina, kopo nililolikinga chini ya nati lilikuwa limejaa. Karibu lita moja na nusu ilikuwa imetoka. Dawa yake ilikuwa kuwasha upya, kuongeza, kungoja na kupima tena, na wao walikuwa na haraka. Tena niliona aibu kumwambia mzee kwamba maombi yake yamemwaga oili. Nikafunga nati, nikapanguza, nikatoka.

"Iko sawa, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba chetu.

Akanishukuru kwa mikono miwili, kama mama yangu anavyoshukuru.

Siku hiyo walifika. Juma lililofuata, giaboksi iliungua kwenye mlima kabla ya Wote. Walipopata gari la kuwabeba, jua lilikuwa limeinama na mgonjwa mwingine alikuwa ameshapewa mashine yake ya kusafishia damu. Mzee akarudishwa nyumbani bila kusafishwa. Maji yakamjaa mwilini, pumzi ikawa ya kutafuta, akalazwa siku nyingi. Mwalimu alinipigia simu kunieleza, na alikuwa akijilaumu yeye. Alisema labda aliendesha kwa pupa. Nilimwambia pole. Ni hilo tu nililosema, na nikikumbuka sauti yangu ilivyokuwa tulivu, najichukia.

Baada ya miezi miwili wakarudi kwangu. Giaboksi nyingine ilikuwa imefungwa, na mwalimu alitaka mimi ndiye niipime oili, maana alisema ananiamini. Mzee alikuwa kiti kile kile cha nyuma, shati limempwaya. Niliingia shimoni nikapima joto, nikafungua nati. Halafu nikamsikia mwalimu akishika ufunguo.

"Usizime, mwaitu," nikasema. "Tuombe ikiwa inanguruma."

Mzee ndiye aliyeuliza, polepole, "Na ile siku tulizima?"

Uongo ulinijia mdomoni, tayari kabisa. Nikaumeza. "Mlizima, mzee. Oili ikamwagika nyingi. Niliona, nikanyamaza, nikawaambia iko sawa. Si mwalimu aliyeharibu gari. Ni mimi."

Niliona viatu vya mwalimu vikishuka garini, vikasimama kando ya shimo, vimenielekea. Nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana.

"Basi leo omba wewe," mzee akasema. "Mimi pumzi hainitoshi."

Nikaomba kutoka shimoni, injini ikinguruma juu ya kichwa changu, macho nimeyafumbua, nikiangalia matone. Niliombea barabara na daktari, jinsi alivyofanya yeye. Nilipofika mahali pa mikono ya fundi, nikaruka maneno hayo.