Dharura ya Bwana Mkubwa

Juzi niliambiwa ofisini kwamba bwana mkubwa ana dharura nyumbani. Tukamfuata huko, mimi na mama mmoja mchokoa pweza aliyetaka saini kama mimi, nyuso tumeziandaa kwa msiba. Tulimkuta amekunja mikono ya shati, anasugua tangi la kioo la samaki wake wa baharini. Matumbawe yote yalikuwa yamevaa mwani wa kijani.

“Shikamoo, mama,” alisema bila kugeuza shingo. “Nasugua mwani huu kila siku, na kila siku unarudi!”

“Marahaba. Hao samaki wanakula mara ngapi?”

“Mara tano. Hata saa nne, ninapokunywa chai.”

“Na wanamaliza?”

“Hawamalizi.”

“Basi mabaki ni mbolea, mwanangu. Unautilia mwani mbolea, kisha unaugombeza kwa kuota!”

Aliweka brashi chini. Alitushukuru sana, akatuomba turudi wiki ijayo, maana leo lazima abadilishe maji.

Sina kinyongo. Faili langu lina miezi minne mezani kwake, na bila shaka nalo limeshaota mwani. Kosa la faili ni moja tu: halina kioo cha kusugua.