Siku Dereva Alipoieleza Makala Yangu

Nikiwaambia haya mtanicheka, na mcheke tu, maana kwa muda mrefu sikuweza kupita mbele ya ofisi ya usafiri bila kujifanya napokea simu.

Mnajua mimi hufundisha kilimo katika tawi la chuo chetu hapa Kitale, na nimesubiri cheo cha mhadhiri mwandamizi hadi nimezoea kusubiri. Sasa serikali ikaleta sera ya uchapishaji, kwamba hupandi cheo bila makala katika jarida linalotambulika, na chuo nacho, kwa bidii yake, kikaongeza kwamba waandishi wote waende makao makuu Bungoma wakaieleze makala hadharani. (Sera ilikuwa na kurasa nyingi, ila ukurasa wa kusema huo utafiti utafanywa kwa pesa gani sikuuona.)

Basi nikaandika kuhusu wakulima wa Tongaren wanavyohifadhi mahindi. Kosa langu lilikuwa dogo tu, la majina. Kwetu ratiba ya mazishi ikimsahau binamu mmoja watu wananuniana mwaka mzima, nikaona nisikosane na mtu, nikaweka mwenyekiti wa idara, wenzangu wanne, karani, na mwisho kabisa Mzee Wekesa, dereva wetu, mtu wa Naitiri huko huko Tongaren, aliyeniuliza kwa upole, "Na mimi Daktari, si tulienda wote?" Nikamwongeza, nikajiona nina roho safi.

Siku ikafika, ukumbi umejaa, tukaitwa mbele, na tulivyojipanga mtu mmoja nyuma akauliza kama kwaya itaanza. Profesa wa kamati ya vyeo, mama mpole mwenye miwani, hakucheka. Akasema kwa kuwa sote ni waandishi, atamuuliza yeyote. Mwenyekiti akajibu kwamba yeye alitoa mwongozo wa jumla. Karani akasema yeye alichapa tu. Profesa akanigeukia mimi.

"Kwa nini wakulima wameacha maghala ya nje?"

"Ukosefu wa mafunzo," nikajibu, kama nilivyoandika.

"Walikuambia hivyo ukiwa umeketi nao wapi?"

Nikajifanya natafuta ukurasa. Ukweli ni kwamba siku tuliyoenda kwa wakulima ilinyesha, tope la Tongaren mnalijua, nami nilikuwa na viatu vipya, na Mzee Wekesa akaniambia, "Kaa tu kwa gari Daktari, hawa ni watu wangu, nipatie hizo fomu." Nikabaki garini nikisahihisha mitihani, madirisha yamefungwa.

Mzee Wekesa akainua mkono. "Madam, naomba nisaidie Daktari. Si mafunzo. Ni wizi. Ghala ya nje inavunjwa, sasa mtu analala na magunia ndani ya nyumba, huko inashika unyevu, inaoza. Niliandika hiyo kwa kila fomu. Labda Daktari hakuangalia upande wa nyuma."

Sikuwa nimeangalia. Hata sikujua fomu zina upande wa nyuma ulioandikwa.

Profesa akamuuliza alichaguaje nyumba. Akasema aliingia moja akaruka moja, na za jamaa zake akaziacha zote, wasije wakasema amependelea. Ukumbi ukampigia makofi. Mimi nilitamani sakafu inifunike, na lililoniuma zaidi ni kwamba yule mzee hakukusudia kuniaibisha hata kidogo, alidhani kweli ananisaidia.

Barua ya kamati ilikuja baadaye: cheo kisubiri, makala irekebishwe, na aliyefanya utafiti atangulizwe katika majina. Nimenunua gambuti za kukanyagia tope, nimerudi Tongaren, nimeingia nyumba kwa nyumba. Na nimeapa sitaweka tena kwenye makala jina la mtu kwa hisani, kwa sababu nilipoipitia ile orodha upya kwa haki, jina lililowekwa kwa hisani kuliko yote lilikuwa langu.